Shangazi, wananiogopa mpaka mgonjwa nusura afe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 51, na ndiye inchaji wa wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Jina la hospitali naliacha. Niseme tu kwamba mwezi huu wa saba tunaingia zamu ya usiku tumevaa sweta mbili mbili, na ukungu unatufuata hadi kwenye korido.

Nina miaka 27 kazini. Najulikana kwa ukali na sijawahi kuuonea aibu, maana leba si mahali pa kubembelezana. Wanafunzi wa uuguzi wakiletwa kwa mazoezi huambiana, "Ukipangwa kwa Sista, funga mdomo." Niliwahi kuwasikia nikiwa nyuma ya pazia. Nilicheka. Niliona ni sifa.

Kabatini kwangu kuna daftari la matukio. Ndimo tunamopaswa kuandika kosa lolote, au jambo lililotaka kuwa kosa likaepukwa: dawa iliyotolewa sivyo, mtoto aliyefungwa utepe wenye jina la mama mwingine, mgonjwa aliyeteleza bafuni. Tangu lifunguliwe Januari mwaka jana halina hata mstari mmoja. Wasimamizi walipokuja kukagua niliwafungulia kwa fahari kabisa.

Sasa nikueleze kilichotokea wiki tatu zilizopita.

Tulikuwa na mama wa uzazi wa kwanza aliyepata kifafa cha mimba. Alishajifungua, mtoto mzima, na yeye yuko kwenye magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Zamu ilikuwa na watu wawili tu: mimi, nikiziba pengo la mwenzetu aliyekuwa msibani Makete, na binti mmoja aliyeajiriwa miezi minane iliyopita. Sindano ya saa nne usiku ilitolewa. Iliyofuata ni ya saa nane. Muda ulipofika mimi nilikuwa chumba cha pili na mama mwingine, kichwa cha mtoto kinaonekana, nikapaza sauti, "Saa nane hiyo, mpe magnesiamu yake."

Binti akaja hadi mlangoni. Nakumbuka vizuri. Akasema, "Sista, mkojo umekuwa kidogo." Nikamjibu bila kugeuka, "Mpira umejikunja huo, unyooshe." Akasimama kidogo, akaondoka. Akamchoma.

Kama dakika arobaini baadaye mgonjwa wa kitanda cha jirani akaita kwamba mwenzake anakoroma vibaya. Nilipofika, pumzi zilikuwa nane kwa dakika, na ukigonga goti mguu hautikisiki. Tukamsaidia kupumua kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, daktari wa zamu akaja mbio, akapewa kalsiamu glukoneti polepole kwenye mshipa, na kulipopambazuka alikuwa anaomba chai. Mungu mkubwa. Ameshakwenda nyumbani na mwanawe.

Asubuhi nikachukua chati yake. Kwenye mstari wa saa nane, kwa penseli, kulikuwa na mwandiko wa yule binti: pumzi 12, mkojo 60 tangu saa nne, goti halijibu. Yote matatu aliyajua kabla hajachoma!

Nikamwita ofisini, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akatazama sakafu muda mrefu. Akasema, "Sista, nilikwambia habari ya mkojo. Ulivyonijibu nikajua nikirudia yatanipata ya mwezi wa pili." Mwezi wa pili, Shangazi, aliniambia mbele ya daktari na wanafunzi kwamba nimekosea tarehe kwenye kadi ya mgonjwa. Nikamwambia, "Wewe uliyekuja jana ndiye wa kunifundisha kalenda?" Watu wakacheka. Mimi nilisahau siku ileile.

Silali vizuri. Matroni anataka binti apewe barua ya kujieleza. Nimeshaiandika, iko kwenye droo, mkono unasita kuitoa. Nimejaribu pia kurekebisha mambo. Kwenye ripoti ya asubuhi niliwaambia wote, "Kuanzia leo mkiona kosa, hata likiwa langu, semeni. Mlango wangu uko wazi." Wakaitikia "Sawa Sista" kwa pamoja kama darasa la pili, na hadi leo hakuna aliyesema kitu. Na upande mwingine naogopa. Wazee walisema ukicheka na nyani utavuna mabua. Nikilegeza kamba, vijana hawa si wataanza kuingia zamu saa tatu?

Nifanyeje?

Sista wa Leba


Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi kama nilivyozoea kusoma chati. Nianze na droo. Hiyo barua ya kujieleza isitoke.

Sisemi binti hana lake. Leseni ni ya kwake, si ya kwako, na alichoma sindano akijua namba zinamkataza. Kwa wasomaji wasio wauguzi: mama aliye kwenye magnesiamu haongezwi dozi mpaka pumzi zake zifike angalau 16 kwa dakika, goti liwe linaruka likigongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa zile saa nne. Dawa hiyohiyo inayozuia degedege ikizidi mwilini hulegeza misuli mpaka ya kupumulia. Huyu mama alikuwa amefeli vipimo vyote vitatu. Kwa hiyo ndiyo, mkae wawili, mlango umefungwa, mlizungumze hilo, naye abebe sehemu yake.

Lakini hebu tazama tena kile ulichokiona kwenye chati. Saa nane ya usiku, kwenye baridi hiyo unayoisema, mtoto wa watu alisimama dakika nzima akihesabu kifua kikipanda na kushuka. Akainama akasoma mfuko wa mkojo. Akagonga goti. Kazi yake ya mikono na ya macho aliifanya yote, na kuna wakongwe wenye miaka yako ambao hujaza chati hiyo wakiwa wamekaa mezani. Kilichomshinda ni zile hatua chache kutoka kitandani hadi kwako, na miiba ya kwenye njia hiyo ulimwaga wewe mwezi wa pili.

Halafu ile penseli. Umeitaja kwa kupita tu, mimi imenikaa kooni. Wodi nzima ina kalamu za wino. Mtu haandiki kwa penseli kwa kukosa kalamu. Anaandika kwa penseli anapotaka kuwe na njia ya kufuta. Binti yule alijua ukweli na hakujua kama ukweli huo unaruhusiwa kukaa kwenye karatasi yako. Mpe barua leo, na wenzake wote watajifunza kitu kimoja tu: siku nyingine usiandike kabisa. Hapo utakuwa umepoteza na chati.

Sasa daftari lako jeupe. Usiliringie tena.

Miaka ya 1990 kulikuwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Harvard, Marekani, anaitwa Amy Edmondson, akichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali. Alitarajia ambacho mimi na wewe tungetarajia, kwamba wodi yenye uongozi mzuri na watu wanaoelewana itakuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume. Wodi nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba akaona hazikosei kuliko nyingine, ila watu wake wanasema walipokosea. Kwenye wodi za wakali makosa yalikuwepo vilevile, yanazikwa papo hapo yalipozaliwa. Aliyachapisha hayo mwaka 1996, na mwaka 1999 akatoa makala kuhusu kile ambacho siku hizi kila semina inakiita usalama wa kisaikolojia. Jina zito. Kwa Kiswahili cha leba ni hivi: mtu anaweza kuuliza, kukosoa au kukiri kosa mbele ya wenzake bila kuhofia kufanywa kichekesho.

Wewe unaendesha wodi ya wazazi, wilaya nzima inakujia, zamu za watu wawili, mwaka mmoja na nusu. Kweli hakuna hata sindano moja iliyochelewa? Hakuna hata utepe mmoja uliofungwa mkono usio wake? Mdogo wangu, daftari hilo limeandikwa sana. Limeandikwa vichwani mwa wauguzi wako, na wanalisomeana wakiwa kwenye bajaji wanarudi nyumbani.

Nakuambia haya si kwamba mimi ni bora. Mwaka 1983 nilikuwa muuguzi wa theata, nina miaka 24, kwenye hospitali ambayo nami siitaji. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa na mikono ya dhahabu na ulimi wa wembe. Wiki moja kabla alimrushia mwenzangu mkasi. Ulipita sikioni ukagonga ukuta. Siku hiyo tunafunga tumbo, nahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu. Tulianza na ishirini, nina kumi na tisa. Nikahesabu tena. Kumi na tisa. Akauliza bila kuinua macho, "Zimetimia?" Nikasema, "Zimetimia, Dokta." Uongo wa neno moja, umetoka mdomoni mwepesi kama salamu. Mgonjwa akarudi baada ya siku kumi na moja na homa na tumbo gumu, likafunguliwa, gozi ikatolewa. Alipona. Hakuna aliyeniuliza chochote, na mimi sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Hadi leo nikihesabu mayai ya kwenye trei narudia mara mbili.

Nilikuwa najua kuhesabu. Hata huyo binti wako anajua.

Nikurudishe mlangoni, pale aliposema, "Sista, mkojo umekuwa kidogo." Wewe uliona ametoa taarifa ya mpira uliojikunja. Yeye alikuwa anapiga yowe. Tatizo ni kwamba alilipiga kwa adabu. Sisi huku tumelelewa hivyo. Binti wa Kihehe au wa Kinyakyusa hamwambii mkubwa "unakosea", huzunguka, huweka jambo pembeni ya njia, mkubwa mwenyewe aliokote. Nyumbani ni uungwana mtupu na mimi siutaki upotee. Kwenye kitanda cha mgonjwa unaua.

Wala si sisi peke yetu. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa za Boeing 747 ziligongana zikiwa ardhini kwenye ukungu, wakafa watu 583. Moja ilikuwa inakimbia ili iruke, nyingine bado iko kwenye njia hiyohiyo. Ndani ya ile iliyokuwa inakimbia, mhandisi wa ndege alikuwa ameshapata wasiwasi, na aliutoa kwa mtindo wa swali: ile nyingine haijatoka njiani? Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa kwenye shirika lake, akamjibu kwamba imetoka. Basi, mhandisi akanyamaza. Ukimsikiliza vizuri utamsikia binti yako: Sista, mkojo umekuwa kidogo. Baada ya ajali kama hizo watu wa ndege walianza kufundisha pande zote mbili, mdogo namna ya kusema na mkubwa namna ya kusikia, na hospitali nazo zikaja kuiga.

Kwa hiyo wape maneno. Ukiwaambia "semeni" tu umewapa ruhusa bila chombo. Wafundishe kuanza na namba na kumalizia na ombi: "Sista, mama wa kitanda cha tatu, pumzi kumi na mbili, goti halijibu, mkojo sitini kwa saa nne. Sindano siichomi mpaka uje umwone." Hapo hamna utovu wa adabu, amekuita Sista, na shikamoo yako ya jioni ulishapata. Mkubaliane pia ngazi tatu za sauti, kama wanavyofundishwa wenzetu Marekani: kwanza "nina wasiwasi", asiposikilizwa "sina amani na hili", asiposikilizwa tena "huyu mgonjwa yuko hatarini, tusimame." Likitamkwa neno "tusimame", anayelisikia anageuka, hata kama ni wewe, hata kama ni daktari. Kama mkono wako umeshika kichwa cha mtoto na huwezi kuondoka, basi geuza angalau shingo useme, "Usichome, nakuja." Na agizo la dawa lolote anayepewa alirudie kwa sauti kabla ya kwenda. Hili la mwisho ni dogo na halina gharama, sijui kwa nini tunaliona la kitoto.

Lakini hakuna atakayetumia hayo maneno kabla hujalipa deni la mwezi wa pili.

Ulimwaibisha mbele ya daktari na wanafunzi. Samahani ya ofisini haitoshi. Hiyo itajulikana na watu wawili, wakati kicheko kilijulikana na wodi nzima. Chagua ripoti ya asubuhi ambayo daktari yupo. Useme kwa ufupi, bila machozi na bila hotuba: mwezi wa pili mwenzetu aliniambia nimekosea tarehe, alikuwa sahihi, nikamjibu vibaya. Wiki tatu zilizopita aliniletea dalili ya hatari, sikugeuka, mgonjwa akaumia. Kosa hilo lina jina langu. Kabla ya kusema hayo mwarifu binti, usije ukamshtukiza mbele ya watu kwa mara ya pili. Kisha fungua lile daftari, wote wakiona, uandike tukio hilo ukurasa wa kwanza kwa mkono wako. Kwa kalamu ya wino.

Usitegemee makofi. Watakutazama tu. Wameshasikia "mlango wangu uko wazi", na mlango wazi hauna maana kwa mtu anayekumbuka aliyetoka humo analia. Watasubiri waone mtu wa kwanza atakayethubutu atafanywa nini. Huyo wa kwanza ndiye mtihani wako, na atakuja siku mbaya, umechoka, umeme umekatika, na kosa analoleta litakuwa la kijinga kabisa. Pengine ataleta habari kwamba amempa mtu paracetamol mara mbili. Uso wako wakati huo watausoma kama tangazo la mshahara. Sema "Asante kwa kuniambia. Mgonjwa anaendeleaje?" na umfuate kitandani. Kama una la kumfundisha, lingoje baadaye. Ukimkaripia huyo mmoja, umefunga duka, na safari hii hata mimi sitakuwa na dawa.

Wakati unangoja, uliza maswali membamba. "Kuna tatizo?" haijawahi kumtoa mtu neno, jibu lake ni "Hamna, Sista". Uliza, "Usiku wa jana ni mgonjwa gani aliyekutia hofu?" Uliza, "Ni agizo langu gani la leo ambalo hukulielewa?" Halafu nyamaza. Hesabu hadi kumi moyoni. Kwa mtu mwenye ulimi kama wako hilo la kunyamaza ndilo litakalokutoa jasho.

Kuna jambo moja la theata ningependa uliibe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19, iliyojaribiwa kwenye hospitali nane duniani. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto, na nyingine iko hapo chini ukishuka bonde la Kilombero: Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mengi humo ni ya kiufundi: antibaotiki, kuhesabu gozi (mimi huyo), kuthibitisha ni mgonjwa yupi na anapasuliwa wapi. Ila kimoja ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Watu huliona ni mchezo wa kuigiza. Mimi naliamini, maana aliyeshafungua mdomo mara moja mwanzoni huufungua kwa urahisi mambo yakiharibika. Jaribu kwenye kupokezana zamu: kila mtu jina lake, na mgonjwa mmoja anayemwogopesha. Dakika tatu. Anza na mdogo kuliko wote. Ukianza wewe, wengine wataimba wimbo wako.

Kuhusu nyani na mabua: unachanganya vitu viwili. Anayechelewa zamu, mkaripie. Asiyenawa mikono, anayejaza chati bila kupima, anayemtukana mzazi, hao nakukabidhi na ukali wako wote, na nitakushikia fimbo. Sijakuomba ulegeze hata uzi mmoja hapo. Ninachokuomba ni kwamba ukali wako usimguse mtu kwa kosa la kufungua mdomo. Binti aliyekwambia tarehe si sahihi hakuwa nyani shambani. Alikuwa anafukuza nyani.

Sasa Matroni. Hapa ndipo utajua mwenyewe uzito wa kilichomshinda binti, maana na wewe una mkubwa wa kumwambia "hapana". Nenda na namba zako. Mwambie barua ya kujieleza haitazuia hili lisitokee tena, na upendekeze tukio lipitiwe kwa kanuni ileile inayotakiwa kwenye vikao vyenu vya kujadili vifo vya wazazi na watoto wachanga, vile vya MPDSR: bila jina, bila lawama. (Najua vikao vingine kanuni hiyo hubaki kwenye karatasi na watu huingia wakimtafuta wa kubebeshwa. Ndiyo maana nasema ianze na huyu aliyepona.) Kwenye kupitia huko msiache jambo uliloliandika harakaharaka kama vile ni hali ya hewa: watu wawili, mmoja anazalisha, mwingine ana mgonjwa wa kifafa cha mimba anayehitaji macho usiku kucha. Hilo nalo ni tukio. Liandike daftarini. Na kama wodini mna timu ya kuboresha kazi ya mambo ya 5S, ule mfumo wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, lipeleke huko pia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo iliyoanza kuujaribu mfumo huo nchini mwaka 2007, na leo ukutani kila mahali utaona Sasambua, Seti, Safisha. Tumekuwa hodari wa kubandika lebo kwenye kabati. Karatasi ya vipimo vitatu vya magnesiamu, imebandikwa penye dawa yenyewe, na agizo kwamba kimoja kikikosekana sindano inasimama bila kumwomba mtu ruhusa, ingekuwa lebo ya maana kuliko zote. Binti angekuwa na kitu cha kunyooshea kidole badala ya kukunyooshea wewe.

Kuna mtu mmoja umemsahau kwenye barua yako yote. Yule mama. Umesema aliomba chai na akaenda nyumbani. Anajua kilichompata? Au ameambiwa "ulizidiwa kidogo usiku, tukakuhangaikia", na akawashukuru, pengine akaahidi kuwaletea parachichi? Zungumza na Mganga Mfawidhi, kisha akija kliniki ya siku ya 42 mkaribishe ndani, mpe kiti, mweleze kwa lugha ya kawaida kwamba alipewa dozi ambayo hakupaswa kupewa, na mmebadilisha nini tangu siku hiyo. Jiandae kwa hasira. Ana haki nayo. Binti awepo kama anataka mwenyewe, usimburute.

Ukimaliza niandikie tena. Nataka kujua daftari limefika ukurasa wa ngapi.

Shangazi